Taa Katikati ya Maji: Amana ya Kutengeneza Tulichorithi

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyewatiishia waja wake bahari na akazijaalia nyota kuwa uongozi wa wasafiri gizani. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake.

Ndugu wasomaji, sisi watu wa pwani twaijua thamani ya taa imulikayo bahari. Pale Mama Ngina, Mombasa, familia hukusanyika jioni kula mihogo na kunywa madafu, na wengi wetu hupaita mahali hapo Laithausi. Lakini ni wachache wanaojiuliza: mnara wa taa ukizeeka, ni nani autengenezaye? Na ikiwa umesimama katikati ya maji, hutengenezwa vipi? Wiki hii twapenda kuutazama mmoja wa minara hiyo, kwani ndani yake mna funzo la nyumba zetu na misikiti yetu.

Mnara wa Cordouan uko mlangoni mwa mto Gironde, kusini-magharibi mwa Ufaransa, kiasi cha kilomita 7 kutoka nchi kavu. Mhandisi Louis de Foix alianza kuujenga mwaka 1584, akafariki kabla ya kuukamilisha, na kazi ikamalizwa mwaka 1611. Mwishoni mwa karne ya 18 Joseph Teulère aliuongeza kimo, na leo unakaribia mita 68. Mwenye kuupanda hukanyaga vidato 301. Mwaka 1823 mtaalamu Augustin Fresnel aliweka humo kwa mara ya kwanza lenzi yake ya vioo vilivyopangwa, iliyoufanya mwanga mdogo ufike mbali, na lenzi za namna hiyo zikaenea katika minara ya dunia. Mwaka 2021 UNESCO iliuandika mnara huo katika Urithi wa Dunia.

Mtihani wa kwanza wa kuutengeneza ni njia. Maji yakijaa, mwamba uliobeba mnara humezwa. Yakipwa, mchanga na mawe hujitokeza kwa saa chache tu. Hakuna bandari. Wageni huteremka chomboni wakamaliza safari kwa miguu, maji yakiwalowesha. Basi fikirini hali ya mafundi: kila jiwe, kila gunia la chokaa, kila ubao wa jukwaa na kila tone la maji matamu lazima livushwe baharini. Fundi aliyesahau nyundo hawezi kumtuma mtoto dukani. Upepo ukichafuka, kazi husimama, na hakuna wa kulaumiwa, kwani bahari haina tajiri.

Mtihani wa pili ni chumvi. Mnara umejengwa kwa mawe ya chokaa, yenye vitundu vidogo visivyoonekana kwa jicho. Maji ya bahari hupenya humo. Jua na upepo vikiyakausha, maji huondoka na chumvi hubaki. Chumvi huganda ikawa chembe, chembe hukua na kulisukuma jiwe kutoka ndani, mpaka uso wake ukageuka unga. Na palipo na chuma ndani ya ukuta wa zamani, chuma hushika kutu, kutu hufura, na jiwe hupasuka.

Fundi mwenye haraka atasema, "Pakeni saruji." Saruji ni ngumu, na kwa siku za mwanzo ukuta utapendeza. Lakini saruji haipitishi unyevu kama chokaa. Maji yaliyomo ukutani yakikosa njia ya kutoka, hurudi kulila jiwe nyuma ya lipu hiyo nzuri. Ndiyo maana wataalamu wa majengo ya kale husisitiza kulitibu jiwe la chokaa kwa chokaa.

Mtihani wa tatu ni hukumu. Mchongo uliofutwa na upepo wa miaka 400, je, uchongwe upya au uachwe na uzee wake? Na mnara uliopitiwa na mikono ya vizazi vingi, ni kizazi kipi kirejeshwe? Anayetengeneza kila kitu kikawa kipya ameupoteza ukale. Na anayeogopa kugusa ameuacha uanguke. Katikati ya hayo mawili pana kazi ya subira: kuondoa jiwe lililokufa, kuliacha lililo hai.

Kazi hiyo imeendelea kwa awamu, ikila mamilioni ya yuro, katika zama ambazo manahodha wanaongozwa na setilaiti. Na watu bado wanakaa humo. Taa inajiendesha yenyewe tangu mwaka 2006, lakini watunzaji wapo, kwa sababu jengo lisilo na mtu hakuna wa kuuona ufa ungali mdogo.

Historia yetu nayo inatuonyesha upande wa pili. Mnara wa Iskandaria, uliosimama kisiwani Pharos tangu kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.), uliwaongoza mabaharia kwa zaidi ya miaka elfu. Watawala wa Kiislamu waliutengeneza mara kadhaa, lakini mitetemeko ya ardhi ikauchosha, na ule wa mwaka 1303 ukaudhuru sana. Ibn Battuta, msafiri yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliuona mwaka 1326 ukiwa umebomoka upande mmoja. Aliporudi mwaka 1349, hata mlango wake haukufikika. Ameeleza kuwa Sultani al-Nasir alikuwa ameanza kujenga mwingine mfano wake, mauti yakamkatiza. Mwaka 1477 Sultani Qaitbay alijenga ngome mahali pale. Baina ya ufa na kifusi palikuwa na miaka 23 tu.

Ndugu zetu, tuitazame Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa ziko katika bahari ile ile ya chumvi, na adui wao ni yule yule. Lakini mara nyingi kinachoziangusha kwanza si chumvi, ni kungojana. Nyumba ya mirathi ina warithi kumi. Kila mmoja anasubiri mwenzake anunue boriti. Dari huvuja, boriti huoza, mwishowe nyumba huuzwa kwa bei ya kiwanja, au huwaangukia waliomo. Misikiti nayo tunaichangia kwa furaha inapojengwa, lakini sanduku la matengenezo hubaki tupu.

Mafuqaha wetu hawakuliacha jambo hili. Wamefundisha kuwa mapato ya wakfu hutangulizwa kwenye matengenezo ya wakfu wenyewe, kabla ya wanufaika kupewa chao. Sababu iko wazi: kula tunda na kuuacha mti ufe ni kuwadhulumu wanaokuja baadaye, na ni kumkatia aliyeweka wakfu sadaka yake yenye kuendelea.

Basi tunausia mambo haya. Warithi wa nyumba moja waketi, waandikiane, na kila mwezi kila mmoja atoe kidogo kwa ajili ya matengenezo. Kabla ya mvua za masika, dari na mifereji ikaguliwe. Ukuta wa kale usipakwe saruji kabla ya kuulizwa fundi anayeijua chokaa. Kamati za misikiti zitenge fungu la matengenezo lisiloguswa kwa jingine. Na kina mama, nyinyi ndio muuonao ufa kwanza na unyevu kwanza. Semeni mapema, na wanaume wasikie. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, walisema wazee wetu.

Kuondoa udhia katika njia ya watu ni katika matendo ya imani. Aliyewasha taa baharini ameuondoa udhia katika njia ya asiowajua, na anayeiziba nyufa nyumba ya wazazi wake anawaondolea udhia watoto wake. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa walinzi wa amana tulizorithi, na atupe warithi watakaozilinda baada yetu. Amin.