Simu ngumu, penzi laini

Hebu jiulize, mara ya mwisho wewe na mwenzi wako mlinuniana kwa sababu ya nini? Kwa wenzi wengi wanaofanya kazi miji tofauti, jibu ni jepesi tu: simu ilizima. Mmoja kapiga mara sita, hapatikani. Mwingine karudi usiku, kachaji, kakuta meseji zimejaa hasira. Kasheshe!

Mkoani Mara hali hii inajulikana vizuri. Mmoja anafundisha Butiama, mwenzake yuko ofisini Musoma au ana duka Bunda. Wanaonana Ijumaa jioni, basi. Siku nyingine zote ndoa inaishi ndani ya simu. Ndiyo maana vijana wengi sasa wanaziacha zile simu nyembamba za kung'aa na kuulizia simu janja ngumu za bei ya kawaida: nzito, zenye mpira pembeni na betri kubwa. Swali ni moja tu. Je, zinasaidia kweli?

Maji, vumbi na mawe

Kila mji una namna yake ya kuua simu. Musoma ni ziwa. Ukishuka mwaloni kununua samaki, mikono imelowa, ndoo zinamwagika, na simu iko mfuko wa shati. Bunda ni vumbi na safari. Stendi inapokea magari ya Mwanza, Musoma na Sirari, na ukitoka lami kwenda vijijini kwa bodaboda, tundu la chaji linajaa mchanga. Butiama ni vilima na mawe. Simu ikidondoka pale, kioo chembamba hakina maisha.

Hapa ndipo zile herufi za kwenye boksi zina maana. Ukiona IP68, tarakimu ya kwanza, 6, inasema vumbi haliingii. Ya pili, 8, inasema simu inahimili kuzama ndani ya maji kwa kina na muda aliotaja mtengenezaji. IP67 ni kina cha mita 1 kwa dakika 30. IP54 ni ya matone tu, usijaribu kuogelea nayo! Kumbuka pia kuwa vipimo hivyo ni vya simu mpya na maji safi. Mipira ya kuzuia maji huchakaa, na fundi akishaifungua simu, kinga ile inaweza kupotea.

Betri na wivu

Betri ya mAh 5,000 siku hizi ni ya kawaida. Simu ngumu nyingi zinapita hapo, na nyingine zinafika 10,000. Kwa anayeshinda barabarani hiyo si anasa. Kwenye vilima ambako mtandao ni hafifu, simu hutumia nguvu nyingi kuutafuta, hivyo betri inaisha haraka kuliko mjini. Mwenzi wako aliyekaa Musoma mjini, chaji ikiwa ukutani, hawezi kulijua hilo. Anachojua ni kwamba hupatikani.

Na si mapenzi tu. Tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, simu imekuwa pochi ya familia. Mtoto akiugua Bunda na hela iko kwenye simu iliyozima Butiama, hapo hakuna utani. Faraja ni kwamba fedha ziko kwenye akaunti ya laini, hazimo ndani ya simu. Simu ikivunjika, hamishia laini kwenye nyingine.

Lakini msomaji wangu, angalia na upande wa pili. Simu isiyozima inaweza kuleta ugomvi mpya: "Mbona hupokei, na simu yako haiishi chaji?" Mtu aliye juu ya bodaboda hatakiwi kupokea simu. Mwalimu akiwa darasani vivyo hivyo. Kubalianeni mapema: saa za kazi meseji moja inatosha, na usiku mnapanga saa ya kuongea kwa nafasi. Betri inaweka mlango wazi, ila kuaminiana mnakuleta wenyewe.

Nani apewe ipi?

Wapo wanaume wanaomnunulia mke simu ngumu kama zawadi, kisha wanashangaa hafurahi. Bwana, ulimuuliza? Simu hizi ni nzito, hazikai vizuri kwenye pochi ndogo, na nyingi za bei ya chini kamera yake ni ya wastani tu. Siku mkienda kutembea Mwitongo, nyumbani kwa Mwalimu Nyerere, picha zenu hazitafanana na za yule mwenye simu ya kamera kali. Mpenda chongo huita kengeza, lakini si kila mtu atalipenda lile tofali.

Njia nzuri ni kukaa chini wawili na kuhesabu. Mwaka jana mlibadilisha vioo vingapi? Chaja ngapi? Jumlisheni, kisha linganisheni na bei ya simu ngumu. Anayeshinda nje apewe ngumu, anayeshinda ndani achague anayoipenda.

Kabla hamjalipa

Bonyeza *#06# na ulinganishe namba za IMEI na zile za kwenye boksi. Juni 2016 TCRA ilizima simu bandia nchi nzima, na watu wakabaki na vyuma mfukoni. Muulize fundi wako kama vioo vya aina hiyo vinapatikana, maana simu ngumu nayo hupasuka. Ulizia pia kama itaendelea kupata masasisho ya programu. Nyingi za bei nafuu hupata machache.

Ikilowa, ifute, iache ikauke kwenye hewa, na usiichaji hadi tundu likauke kabisa. Mchele upikeni tu, kwenye simu hauna muujiza. Vumbi la kwenye tundu litoe kwa kijiti kikavu, simu ikiwa imezimwa, usitumie pini. Na usiiache juani kwenye gari, joto linachosha betri.

Kwa kifupi, simu ngumu hununuliwi wewe unayeishika tu. Inamhusu zaidi yule anayekusubiri upande wa pili. Basi leo usiku, kabla ya kwenda dukani, mpigie umuulize yeye anaionaje.