Je, Wajua? Ndimu Hula Marumaru

Marumaru halisi, kama inayochimbwa Morogoro, hasa ni kalsiamu kaboneti. Tone la ndimu likisahaulika kwenye kaunta ya jikoni, asidi hula jiwe lenyewe na kuacha alama isiyo na mng'ao. Dawa ya kuziba vinyweleo vya jiwe huzuia madoa ya mafuta na chai, lakini alama hiyo haiizuii.

Granaiti huistahimili ndimu, ila nayo hunywa maji.

Kupima jiwe lako, dondosha maji juu yake, subiri dakika 10 hivi. Jiwe likikolea rangi, linahitaji dawa hiyo ya kuziba. Msimu wa mvua, iwe Hirbadaw wilayani Hanang au Tanga penye joto la pwani, haraka ya kupaka dawa huharibu kazi: unyevu ukifungiwa ndani, dawa haishiki vizuri. Subiri jiwe likauke kabisa, paka, kisha futa ziada kabla haijagandia. Kwa usafi wa kila siku, tumia sabuni isiyo kali na maji.