Sukuma Ama Terere? Sema "Changanya"

Saa moja jioni, mat imetushusha steji, na laini ya mama mboga ishakuwa ndefu. Mathe ameketi kwa kiti ya plastiki, kisu inatembea, sukuma inatoka nyembamba ka nywele. "Mathe, ya mbao." "Mimi ya finje, leo tuko wengi kwa keja." Kando ya sukuma kuna terere imefungwa na kamba, majani zimeanza kulegea, na hakuna msee anaitaja. Nimesimama kwa hiyo laini miaka mob, na terere nilikuwa naionanga tu ka kitu ya shosh akitoka ushago. Dish ya Nai ni sukuma na ugali, risto imeisha.

Siz wangu ndo alinibadilisha. Alianza kuchoka vibaya. Keja yetu iko floo ya nne, na akifika ya pili lazima asimame, ameshika ukuta, moyo inadunda. Tulidhani ni job. Kupimwa, damu iko chini. Daktari akampea tembe za kuongeza damu, alafu akamuuliza, "Unadishinga mboga gani?" Siz akajibu bila kufikiria, "Sukuma. Kila siku." Akaambiwa sukuma isitoke kwa sahani, lakini terere iingie pia. Hiyo usiku usingizi ilinihepa. Si kijani ni kijani? Nikaanza kuchimba, na kenye nilipata nadai kifikie kila msee wa mtaa.

Hizi mboga ni za nani

Sukuma ni ndugu wa damu wa kabeji, brokoli na kolifulawa. Hizo zote ni mmea mmoja, wakulima tu ndo walichagua mbegu miaka na mikaka mpaka zikatoka na sura tofauti. Majani karibu sawa na sukuma yetu, Marekani zinaitwa collard, na huko kusini ni dish ya heshima kwa meza ya Watu Weusi. Hapa kwetu jina inajieleza: ni ile mboga inakusukumia wiki msoto ikiwa imekaza.

Terere nayo iko na majina ka msee wa mitaa mob. Pwani na Bongo wanaiita mchicha, Wajaluo wanasema ododo, Waluhya wengi dodo. Inameanga hadi mahali hakuna mtu ameipanda, katikati ya mahindi ama kando ya njia, na ndo maana watu waliizoea ka magugu. Ukiipanda, wiki tatu ama nne hivi ushaanza kuvuna. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa JKUAT, pale Juja, amefanyia mboga za kienyeji ka terere, managu na saga kazi ya miaka mob, akionyesha watu hizi si magugu, ni chakula kamili. Mimi nasema asante, juu bila watu ka yeye mbegu zingine zingeisha tukiangalia.

Tucheki namba

Idara ya kilimo ya Marekani inapimanga vyakula gramu 100 kwa gramu 100. Nimechukua collard isimame kwa niaba ya sukuma, alafu nikaiweka na terere, zote zikiwa mbichi.

Madini ya chuma, ile kitu inatengeneza damu: terere miligramu 2.3, collard karibu nusu miligramu. Terere inabeba, tena mbali. Vitamini C: terere 43, collard 35. Asidi ya foliki, ile dem akiwa na ball anahitaji ndo uti wa mgongo na ubongo wa mtoi zishikane poa: collard mikrogramu 129, terere 85. Protini ziko karibu, collard gramu 3, terere 2.5. Kalisiamu ya mifupa na meno: collard miligramu 232, terere 215.

Hizi namba hazijachongwa kwa mawe. Mbegu, mchanga, na masaa jani imekaa kwa jua, zote zinapandisha ama kushusha. Lakini picha ni clia: kwa damu, sukuma pekee yake haitoshi. Na hapo madem ndo wanaumia zaidi, juu ya hedhi. Mwongozo wa Marekani unasema dem wa miaka 19 hadi 50 anahitaji miligramu 18 za chuma kwa siku, chali wa hiyo miaka anahitaji 8. Terere ikipikwa inanywea, so gramu 200 zinaingia kwa sahani moja bila stress. Hapo ushapata miligramu 4.6, robo ya mahitaji ya dem, kutoka kwa mboga ya mbao.

Kuwa kwa jani si kuingia kwa mwili

Hapa ndo nilikaa chini. Kalisiamu ya terere na ya sukuma zinakaa karibu sawa, ama? Zii. Terere iko na kitu inaitwa oksaleti, mob sana. Oksaleti inashika kalisiamu inakataa kuiachilia, na zote mbili zinashukia choo kabla mifupa ionje. Sukuma iko na oksaleti kidogo. Kuna utafiti wa Marekani wa 1990 ulipima keli, binamu ya sukuma: mwili ulichukua karibu asilimia 40 ya kalisiamu yake, wakati ya maziwa ilikuwa karibu 32. Spinachi, yenye oksaleti imejaa, kwa utafiti mwingine haikupita sana asilimia 5. So kwa mifupa, sukuma inabeba.

Chuma ya mboga nayo iko na shida yake. Haiingiangi rahisi ka ya nyama. Inahitaji msee wa kuifungulia mlango, na huyo msee ni vitamini C. Ndimu, nyanya, chungwa baada ya dish, zote zinafanya hiyo job. Nyama kidogo ama omena pia inasaidia. Mwenye anafunga mlango ni chai. Ile tanini ya majani chai inashika chuma, na sisi Wakenya tunashushianga ugali na kikombe ya chai ya moto. Siz alikuwa anafanya ivo kila usiku, miaka yote. Chai hatukuitupa. Tuliisongesha tu, saa moja kabla ya dish ama saa moja baada.

Venye napika

Osha majani kabla ya kukata. Ukikata alafu uoshe, vitamini C inaenda na maji, na sukuma ikiwa imekatwa nyembamba sana inapoteza zaidi. Siku hizi naambia mathe anipee nzima, nikate mwenyewe, vipande vya kidole.

Terere naichambua, naiweka kwa maji inachemka dakika mbili, namwaga hiyo maji. Oksaleti kiasi inatoka nayo. Sufuria ingine, mafuta vijiko viwili, kitunguu, nyanya mbili zimeiva zipondeke. Sukuma inatangulia dakika tatu, terere inafuata, nageuza, nafunika kidogo, nazima. Mafuta usiihepe kabisa, juu bila hiyo ile rangi inageuka vitamini A mwilini haiingii vizuri. Magadi usiweke hata kijani ikipotea, magadi inaua vitamini C. Moto ikizimwa, kamulia ndimu nusu. Ndimu ukiiweka mwisho, moto haiipati.

Weka na ugali, ndengu ama omena kando, na ovakado ikiwa msimu. Terere ni laini na tamu kidogo, sukuma inabaki na meno. Ukishaonja zikiwa pamoja, moja pekee yake inakuwa ni ka imekosa kitu.

Kuna msee anafaa kujichunga hapa. Ka ushawai sumbuliwa na mawe ya figo, bonga na daktari kabla terere iwe ya kila siku. Ka uko kwa dawa za kuzuia damu kuganda, muulize pia, juu hizi mboga zote ziko na vitamini K mob.

Uliza imetoka wapi

Jani inakula kenye mchanga na maji zinaipea. Nairobi kuna mboga zinanyweshwa maji ya mitaro, na hakuna kuosha kunatoa madini mabaya ka risasi yakishaingia ndani ya jani. So uliza mama mboga: hii imetoka wapi? Mathe anajua. Akishajua ka wateja wanajali, naye ataanza kuchagua akienda Marikiti mang'ware.

Ama panda yako. Kibra watu wamelima sukuma kwa magunia miaka mob: mchanga na mbolea, mawe katikati maji ipite, na mashimo kando za miche. Sisi tuko na gunia moja kwa balkoni. Juu kuna sukuma, unachuma majani ya chini na inaendelea kukupea miezi. Kando nimemwaga mbegu za terere, ndogo ka vumbi. Jua ya asubuhi inaifikia, inatosha.

Siz alimaliza tembe zake, akapimwa tena, damu ikawa imepanda. Tembe ndo zilimtoa kwa shimo, hiyo nasema wazi, na ukiskia dalili ka zake enda upimwe, usijitibu na mboga. Lakini tembe zinaisha. Kenye kinabaki ni sahani ya kila usiku, na hiyo ni ya sisi kupanga, na pesa ni ileile: mbao ya sukuma, mbao ya terere.

Mathe wa steji ashanizoea. Jana nimefika, kabla niseme kitu amechukua rundo mbili akaziweka kwa paro moja. Dem alikuwa nyuma yangu akauliza hizo zinapikwa pamoja aje. Nikamshow yote, hadi ya chai. Akaangalia sukuma, akaangalia terere, akageukia mathe: "Nichanganyie pia."