Rwanda: Anayejitolea Naye Huvuna

Katika nchi jirani ya Rwanda, kila kijiji kina washauri wa afya waliochaguliwa na wanakijiji wenyewe. Si madaktari wala wauguzi. Wengi wao ni wakulima, wake kwa waume, waliokubali kujitolea. Mpango huo ulianza mwaka 1995, mwaka mmoja baada ya mauaji ya kimbari, wakati nchi ilikuwa na upungufu mkubwa wa waganga.

Mshauri hupima malaria, huwatibu watoto wenye homa, kuhara na nimonia, na huwahimiza wajawazito wakajifungulie kwenye kituo cha afya. Akigongewa mlango usiku, huamka. Mshahara wa mwezi hana.

Je, yeye anapata nini?

Kwanza, elimu. Mtu aliyeishia shule ya msingi hufundishwa kupima damu, kuhesabu pumzi za mtoto mgonjwa na kuandika taarifa. Pili, heshima: kijiji kilichomchagua humsikiliza. Tatu, nguvu ya umoja. Washauri wameunda vyama vya ushirika. Serikali ilipoanza kuwalipa bakshishi kwa kadiri ya kazi iliyofanyika, utaratibu ulikuwa asilimia 70 iingie katika mfuko wa ushirika na asilimia 30 wagawane wanachama. Kwa mfuko huo wameanzisha miradi ya kilimo na ufugaji.

Lakini ndugu wafanyakazi, tusidanganyike. Kujitolea si jina jingine la kazi bila ujira. Tajiri akitaka tuchume majani ya chai saa za ziada bure, huo ni unyonyaji. Mshauri wa Rwanda amechaguliwa na wenzake, anawatumikia wenzake, na kinachopatikana ni chao. Hata hivyo mzigo wake umezidi kuongezeka mwaka hadi mwaka, na swali la malipo yake bado linajadiliwa. Ni haki lijadiliwe.

Sisi nasi tunao watu wa namna hiyo: wajumbe wa matawi yetu. Mjumbe halipwi, lakini hujifunza sheria za kazi, husoma mkataba akauelewa, na huzungumza mbele ya meneja bila kutetemeka. Akihamia kiwanda kingine, ujuzi huo anakwenda nao.

Basi uchaguzi wa tawi ukifika, usijifiche nyuma ya wenzako. Kubali kuchaguliwa, kisha udai mafunzo.