Je, Mguu wa Bandia Unampa Mtoto Faida Isiyo ya Haki Michezoni?

Mtoto wako anatumia mguu wa bandia na anapenda kukimbia. Siku ya michezo shuleni, mtu anasema: "Huyo ana springi, asishindane na wenzake." Utamjibu nini? Mama au mlezi, haya ndiyo unayopaswa kujua.

Mguu wa kukimbilia hufanyaje kazi?

Mguu wa bandia wa kila siku umetengenezwa kwa ajili ya kusimama na kutembea. Wanariadha wakubwa hutumia mwingine: bapa jembamba lililopinda, la nyuzi za kaboni. Mkimbiaji akikanyaga, bapa hujikunja, kisha hunyooka na kumsukuma mbele. Ni jepesi na halichoki. Lakini halina misuli. Hurudisha tu nguvu aliyoiweka mkimbiaji mwenyewe, tena ikiwa imepungua kidogo. Ndiyo maana mwenye bapa mara nyingi hupata shida wakati wa kuanza mbio.

Wakubwa waliamuliwaje?

Mwaka 2008, Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilimruhusu Oscar Pistorius wa Afrika Kusini, aliyekatwa miguu yote miwili chini ya magoti, kushindana na wasio na ulemavu. Ushahidi wa kumzuia haukutosha. Alikimbia mita 400 katika Olimpiki ya London 2012.

Markus Rehm wa Ujerumani huruka akijisukuma kwa mguu wenye bapa. Mwaka 2014 aliruka mita 8.24 na kuwa bingwa wa nchi yake, akiwashinda wasio na ulemavu, lakini hakupelekwa kwenye mashindano ya Ulaya. Baadaye watafiti waligundua kwamba hukimbia polepole zaidi kabla ya kuruka, ila bapa humsaidia anapojirusha.

Mwaka 2020, Mmarekani Blake Leeper alikataliwa kwa sababu mabapa yake yalimfanya awe mrefu kupita kiasi kinachokubalika.

Unaona basi, hakuna jibu moja. Hutegemea mchezo, mwili na kifaa. Katika Paralimpiki, wanariadha hupangwa kwa makundi ya ulemavu, na anayetumia mabapa mawili huwekewa kikomo cha urefu.

Je, shuleni?

Kanuni hizo ni za mashindano makubwa. Mtoto anayekimbia na mguu wa kutembelea hana springi ya kumbeba. Zungumza na mwalimu mapema ili mtoto apangiwe mchezo, asiachwe akitazama. Pengo kubwa la haki liko kwingine: mguu wa kukimbilia ni ghali, na watoto wengi hawana hata ule wa kutembelea.

Linda kigutu chake

- Kikague kila siku, hasa baada ya michezo.
- Kioshe kwa sabuni na maji, kikauke vizuri. Mvalishe soksi safi na kavu.
- Ngozi ikiwa nyekundu au nyeusi kuliko kawaida, na isirudi hali yake baada ya kupumzika dakika 20, mguu unambana au unamsugua.
- Mtoto hukua. Mguu ukimbana, ukilegea au akianza kuchechemea, mrudishe kwa fundi wa viungo bandia. Usiukate wala kuujaza vitambaa mwenyewe.
- Akiwa na kidonda, malengelenge, uvimbe, usaha au homa, asiuvae. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Ngozi ikiwa nzima na mguu ukimkaa vizuri, mwache akimbie.