Maji ya Gesti ya Shemeji Huenda Wapi?

Safari ya kwenda kumwona dada yangu Kamukuywa si ya mchezo. Watoka Mombasa, wapita Nairobi, Nakuru na Eldoret, ukifika Webuye washika barabara ya Kitale, na ukishuka kwenye gari miguu imevimba. Ni soko lililochangamka, lori na boda boda usiku na mchana, na baridi ambayo sisi wa pwani hatuiwezi.

Shemeji yangu ana gesti hapo, vyumba 20, na hoteli ya chakula chini yake. Siku ya pili alinitolea karatasi ya rangi aliyoletewa na muuzaji: mtambo mdogo wa kusafisha maji taka, unaoundwa kiwandani na kuletwa kwa lori ukiwa tayari, ukazikwa ardhini kama tangi. “Shemeji, wewe ulisomea mambo ya afya,” akaniambia. “Nitazamie kama naibiwa.”

Diploma yangu ni ya zamani lakini hesabu haizeeki. Nikamwuliza ana wageni wangapi. Kwa kawaida 30 kwa usiku. Mtu akioga na kutumia choo cha kuvuta, tumhesabie lita 100. Hiyo ni lita 3,000. Jikoni na kufua, tuweke 2,000 nyingine. Basi gesti yatoa lita 5,000 kila siku. Lori la kunyonya choo aliita lini? Kila baada ya miezi mitatu, akasema kwa fahari, kwa sababu shimo lake “halijai”.

Siku 90 mara lita 5,000 ni lita 450,000. Lori lile huchukua kama 10,000. Hizo 440,000 zilizobaki zimekwenda wapi?

Alinyamaza. Kisha akatazama chini ya mteremko, kwa jirani yake, mama mmoja anayeuza chai na uji, mwenye kisima ambacho nusu ya mtaa huteka maji. Mimi chai yake nilikuwa nimeshakunywa vikombe viwili asubuhi hiyo.

Shimo lisilojaa si shimo zuri. Hata tangi lililojengwa vizuri, lenye vyumba viwili, hutuliza tope tu na kupunguza ukali wa uchafu kwa theluthi au nusu. Wataalamu hupima ukali huo kwa kuangalia uchafu ungenyonya oksijeni kiasi gani ukiingia mtoni, na kipimo chenyewe huitwa BOD. Maji taka ya nyumbani huwa na miligramu 200 hadi 400 kwa lita, pengine zaidi. Kanuni za ubora wa maji za Kenya za mwaka 2006, zilizosimamiwa na NEMA, zilitaka yasizidi 30 kabla ya kumwagwa nje. Shimo haliwezi kufika hapo.

Mtambo waweza. Ndani hamna muujiza. Kwanza kuna chujio la kuzuia matambara na plastiki, kisha tangi la kukusanyia ili maji ya asubuhi, watu wote wakioga kwa pamoja, yasije kwa kishindo. Halafu ndipo penye kazi yenyewe: pampu hupuliza hewa ndani ya maji, na vijidudu visivyoonekana, wale wale waliomo kwenye uchafu, hupata pumzi, huzaana na kuula. Baadaye maji hutulizwa, tope hushuka, na yaliyo juu hutiwa klorini. Njia hii ilianzia Manchester, Uingereza, mwaka 1914. Kilicho kipya ni kuiweka ndani ya tangi la chuma au faibaglasi.

Sasa ile karatasi ya rangi haikusema haya. Vijidudu ni viumbe. Stima ikikatika usiku kucha hukosa pumzi, na ikikatika siku mbili hufa, mtambo ukanuka kuliko shimo. Msichana wa usafi akimwaga dawa kali ya kung'arisha choo, amewaua. Mafuta ya kukaangia chapati yakishuka bila mtego wa mafuta, yamewaziba. Baridi ya Kamukuywa pia huwapunguza kasi. Huku kwetu joto lawasaidia. Na tope lazima litolewe, kwa hivyo lori halikwepeki, na jenereta ni gharama nyingine.

Nilimwambia haibiwi, ila bei aliyoandikiwa ni nusu ya bei. Nusu nyingine ni stima ya kila mwezi na mtu wa kuutazama mtambo kila siku. Gesti moja huenda isibebe mzigo huo. Lakini gesti nne, kituo cha mafuta na hoteli za chakula zilizopangana hapo barabarani zikichangia mtambo mmoja na kumwajiri kijana mmoja, yawezekana. Mito ya upande ule hushuka kutoka Mlima Elgon ikaingia Nzoia, na Nzoia huishia Ziwa Viktoria.

Msomaji wa Mtwapa, Kisauni au Ukunda, usicheke watu wa bara. Sisi twajenga juu ya jiwe la matumbawe lenye matundu, shimo hapa, kisima pale, ghorofa tano juu yake. Hesabu ya shemeji ifanye kwa jengo unaloishi.

Wengine huuliza kama maji yale yafaa kumwagilia bustani ya msikiti. Mwaka 1978 Baraza la Wanazuoni Wakuu la Saudi Arabia liliamua kwamba maji taka yakisafishwa mpaka isibaki athari ya najisi katika rangi, ladha wala harufu, yametoharika. Basi bustani haina tatizo, mradi mtambo ufanye kazi kweli.

Shemeji alimpigia muuzaji tukiwa wote, akamwuliza swali moja: pampu ikiharibika Ijumaa jioni, fundi atatoka mji gani? Akaambiwa atapigiwa simu baadaye. Mpaka naandika haya, hajapigiwa. Kesho yake alikwenda kwa mama wa chai, akamwomba maji ya kisima achukue chupa moja ayapeleke kupimwa.