Jina lako linafika mbele yako

Hapa Kolwezi tunaona vijana wengi na CV za kufanana: muandikaji mumoja, maneno mamoja, kila mutu "anajua kazi yote". Shefu wa ekipe anaziweka pembeni, anamuita mutu anayemujua.

Tuanze na karatasi. Sheria ya kazi ya 2002 inalazimisha mwajiri, kontra ikiisha, akupe cheti: kazi gani ulifanya, tangu siku gani mpaka siku gani. Haruhusiwi kuongeza sifa ao lawama. Wengi wanatoka bila kukiomba, na miaka 10 ya kuendesha kamiyo inabaki hadisi tu. Mukiombe, bandugu, hata kama mulitoka na hasira.

Lakini cheti hakisemi kama ulisimamisha mashini wakati breki ililegea. Ile inasemwa na wale mulitumika nao. Kwa hiyo usijiite soudeur kama ulikuwa unamushikia taa. Sema: nilisaidia fundi miezi 6, najua kukata chuma. Simu moja kwa yule fundi, uongo unajulikana. Na ndani ya mine uongo kama huo unaua mutu.

Na mbele ya kutoa namba yake, mujulishe kwanza, asishituke akiitwa.